Wanaotibu

Niliajiriwa kuhesabu madaktari.
Si kuwaponya, si kuwalipa: kuwahesabu tu,
ghorofa ya nne, Sofia, dirisha linalotazama reli,
na kikokotoo ambacho kitufe chake cha saba hukwama.

Sheria ya jedwali ni nyepesi:
hesabu wanaotibu, usihesabu waliosomea.
Mwenye cheti anayeuza bima, mtoe.
Mwenye cheti anayelea wajukuu, mtoe.
Mwenye cheti aliyepanda ndege, mtoe,
huko alikoshuka yuko karani mwenzangu
atakayempokea kwa kalamu.
Gawanya kwa watu. Zidisha kwa elfu.
Tuma kabla ya Ijumaa.

Basi nchi hupangwa kama wanafunzi kwa kimo,
na kila moja inachungulia daftari la jirani.
Kuna yenye wanne na kitu kwa elfu,
kuna yenye wawili,
na chini kabisa ya ukurasa kuna ile
ambayo watu elfu nzima wanagawana
sifuri nukta sifuri saba ya daktari.
Hujiuliza, nikila mkate wangu wa jibini mezani,
ni kipande gani hicho wanachogawana?
Kidole kinachotafuta mshipa?
Koti jeupe lililosimama lenyewe mlangoni?
Au ni mtu mzima kabisa, ila amefika saa tisa,
na mtoto alianza kutetemeka saa mbili?

Milimani Rodopi, kijijini kwa mama yangu,
hatukujua nukta. Tulikuwa na Daktari Tenchev,
mzima, mguu mmoja mbovu, kila Jumanne.
Gari lake la kijani lilisikika kabla halijaonekana.
Alipima presha katika chumba cha posta ya zamani,
kando ya mizani ya vifurushi,
na bibi Stamena alimletea chupa ya mtindi.
Si malipo, alisema,
ni ili usisahau njia.

Binti yake Ralitsa, daktari wa moyo, yuko Chemnitz.
Alikwenda kujaza kiti cha Mjerumani aliyehamia Uswisi,
naye alijaza kiti cha Mswisi aliyechoka
akaenda kufuga nyuki.
Mgeni njoo, mwenyeji apone: wahenga hawakukosea.
Ila hawakusema, au walisema nami sikusikia,
kule alikotoka mgeni
watapona kwa ujio wa nani.

Februari nilipiga simu kuthibitisha, kama kila mwaka.
Alipokea shangazi Velichka.
"Watu wamekaa kwenye benchi la posta," akasema,
"wamevaa vizuri."
"Daktari yupo?"
"Tulimzika Ijumaa."
"Sasa wanasubiri nini?"
Nikasikia kuni zikipasuka jikoni mwake.
"Leo ni Jumanne," akasema.

Nikarudi kwenye kanuni, ukurasa wa pili, herufi ndogo:
huhesabiwa aliyekuwa kazini
usiku wa Desemba thelathini na moja.
Usiku ule alikuwa hai. Najua,
maana alinipigia kunitakia mwaka mpya
na kuniuliza kama bado nakohoa.
Kwa hiyo yumo. Halali, bila hila.
Jedwali litakapotoka, Novemba,
atakuwemo miongoni mwa wanaotibu,
na ile "na" katikati ya neno, ya wakati uliopo,
itamshikilia kama kitufe changu cha saba.

Kijiji kina watu mia nne na kumi.
Nikagawanya, nikazidisha, kwa udadisi tu:
mbili nukta nne kwa elfu.
Kwa hesabu hiyo tunazipita nchi zenye bahari,
zenye treni za chini ya ardhi.
Nilitaka kumwambia shangazi, nikaona haya.

Naye alikuwa na swali lake, hakuwa na haja na langu:
Stamena ameleta chupa, ameiacha dirishani,
aimimine, au aiweke?